BAGAMOYO BILA HARAKA: SIKU MOJA NA MASTAA WASIO NA MAJINA

Kila mji una mastaa wake. Bagamoyo nayo inao, na ukifika tu utasikia wakitajwa: Livingstone, Stanley, Emin Pasha, Sewa Haji. Ila wadau, tuulizane ukweli. Nani alibeba zile pembe za ndovu kutoka bara? Nani alichonga ile milango ambayo leo kila mtu anaisimamia mbele kupiga picha? Nani alichoma chokaa, akakata mikoko ya boriti, akapanga mawe ya matumbawe mpaka ghorofa likasimama zaidi ya miaka mia?

Hao majina yao hayapo ukutani. Na ndio wenye mji.

Tatizo ni kwamba vijana wengi wanaoenda Bagamoyo wanaenda mbio mbio. Wanafika saa sita jua kali, dakika ishirini Kaole, picha mbili kwenye mbuyu, picha moja ufukweni, status imejaa, geuza nyumba. Wakirudi wanasema, "Kule hamna kitu bwana, magofu tu." Kiukweli mtu wa hivyo hajakosea sana, kwa sababu magofu ndiyo pekee yanayoonekana ukiwa na haraka. Mengine yanataka utulie.

Hii hapa ni ramani ya siku moja ya taratibu, kwa kijana wa Kurui, wilaya ya Kisarawe, au wa kokote kule Pwani na Dar.

SAFARI INAANZA JANA YAKE

Anayetoka Kurui asijidanganye kwamba ataamka alfajiri, aunge magari mpaka Kisarawe mjini, ashuke Gongo la Mboto, avuke jiji zima na foleni zake mpaka kituo cha Makumbusho kunakopatikana magari ya Bagamoyo, halafu afike kule asubuhi. Atafika mchana na hasira zake. Dawa ni kulala kwa shangazi Dar siku moja kabla. Shangazi hakosekani. Asubuhi unapanda gari la Bagamoyo mapema, unapita Bunju, Mapinga na Kerege, na kwa kuwa ni kama kilomita 70 tu kutoka mjini, saa mbili unaweza kuwa umeshatia mguu. Wa Kibaha wao wana njia nyingine ya Mlandizi na Makofia, wasiende kuzunguka Dar bila sababu.

Na hapo hapo kwenye gari, kabla hata hujafika, historia imeshaanza. Maana mtu wa Kisarawe anadhani Bagamoyo ni mambo ya Waarabu, Wahindi na Wazungu. Hapana. Mwaka 1857, Waingereza wawili, Burton na Speke, walipoondoka pwani ya Kaole kwenda kutafuta maziwa makuu, walipita bonde la mto Ruvu, ambao wakati huo waliuita Kingani, ndani ya nchi ya Wazaramo. Na hawakupita bure. Misafara ilikuwa ikitoa vitambaa na vitu vingine kwa wakubwa wa njiani ili ipite salama. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Ndiyo, hongo. Neno hilo hilo ambalo leo mtu akilisikia anaangalia kushoto na kulia. Zamani lilikuwa jina la ushuru wa wazi kabisa: unapita kwenye ardhi ya watu, unakunywa maji ya kisima chao, unatoa chako. Simulizi za Wazaramo zinamtaja Pazi Kilama, kiongozi aliyewasaidia Washomvi wa pwani kupambana na Wakamba, na kwa msaada huo watu wa pwani wakakubali kuwapa Wazaramo sehemu ya mapato yao. Simulizi ni simulizi, kila ukoo una yake, lakini zote zinakubaliana kwenye jambo moja. Mtu wa bara la Kisarawe hakuwa mtazamaji. Alikuwa na lake kwenye biashara ile.

Jina la Pazi Kilama limebaki. Vijana waliokwenda naye vitani? Hakuna.

SAA MBILI ASUBUHI: KAOLE

Anza na Kaole, kama kilomita tano kusini ya mji, jua likiwa bado halijapata nguvu. Bodaboda zipo. Mwenye muda na miguu anaweza kutembea.

Kaole ndiyo mama wa Bagamoyo. Pale kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi 22, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Maana yake, wakati watu wanaswali pale, Wareno walikuwa hawajaijua hata njia ya kuja huku. Hao walifika pwani yetu mwaka 1498, zaidi ya miaka mia mbili baadaye.

Utaona makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Baadhi ya nguzo zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, yakachomekwa kwenye chokaa kama vito. Mengi yalishatoka, lakini matundu yake bado yapo. Simama hapo dakika kumi. Bakuli limetengenezwa China, limevuka bahari nzima ya Hindi kwa upepo wa kaskazi, likaishia kwenye kaburi la mtu wa Kaole. Huyo marehemu alikuwa mtu mzito, hilo halina ubishi. Jina lake nani? Haijulikani. Hata utajiri haukumsaidia kubaki na jina.

Kuna kisima cha zamani karibu na bahari ambacho maji yake si ya chumvi, na kuna ule mbuyu ambao muongozaji atakwambia ukiuzunguka unaongezewa miaka. Zunguka, hakuna hasara. Ila kumbuka kitu kimoja: Kaole ilikufa polepole. Mikoko ilivamia bandari, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia kaskazini, pale ilipo Bagamoyo ya leo. Mji mzima uliondolewa na miti na matope, hakukuwa na bomu wala tetemeko.

SAA NNE: MISHENI NA WATU SITINI

Kutoka Kaole rudi mjini, uende misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo hapa mwaka 1868, na ndiyo mwanzo wa Kanisa Katoliki kwa Afrika Mashariki ya bara. Walikuwa wakiwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Barabara ya miembe bado ipo. Makumbusho yao yanafaa kupewa saa nzima na zaidi, yana picha na vitu ambavyo huvipati kwingine. Ukienda Jumapili, subiri misa iishe kwanza, wala usipige picha watu wanasali.

Pale kuna mnara wa kanisa la kwanza. Unaitwa Mnara wa Livingstone. Sasa hapa ndipo pa kutulia.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu waliokuwa naye wangeweza kumzika hapo hapo wakarudi makwao, hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakautoa moyo wake na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa magome ya mti na nguo, wakaubeba kwenda pwani. Zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Karibu miezi tisa. Karibu na Tabora walikutana na Waingereza waliokuja kumtafuta, mmoja wao anaitwa Cameron, akawashauri wamzike huko huko. Walikataa. Mbele kidogo, vijiji vikawa vinaogopa maiti kupita, basi wakaufunga mwili upya uonekane kama mtumba wa kawaida wa vitambaa, wakapita.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, mwili ukapokelewa hapo misheni. Baadaye meli ya Kiingereza ikauchukua.

Na wale waliobeba? Walilipwa mishahara yao, wakaambiwa basi. Kazi imeisha. Aliyeshuhudia mazishi London Aprili 1874 ni mmoja tu kati yao, Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa vinara wa msafara, walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Baadaye jumuiya ya wanajiografia ya London ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wabebaji wale, ila wengi walikuwa wameshatawanyika, kila mtu na njia yake.

Angalia hilo jina la mnara tena. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Miongoni mwa waliobeba kulikuwa na wanawake pia, na mpishi wa Livingstone aliitwa Halima, jina linalojulikana kwa sababu mwenyewe aliliandika. Wengine wote, tuseme tu "watu wake". Watu wa nani? Walikuwa na mama zao.

SAA SABA: CHAKULA, NA STORI YA POSHO

Mchana nenda soko la samaki pale ufukweni, ule kwa utulivu. Kama ni mwezi wa Ramadhani panga tofauti, maana mchana huwezi kukuta watu wanakaanga kama kawaida, na kula barabarani si adabu. Mavazi nayo: huu ni mji wa watu wazima wenye dini zao, kanga begani haijawahi kumuua mtu. Na kabla ya kumpiga mvuvi picha, muombe.

Ukishashiba, ingia Karavanserai. Ni jengo lenye uwanja katikati na vyumba kuzunguka, sasa ni makumbusho. Misafara ilikuwa ikifikia na kujiandaa huko.

Wengi wakisikia Bagamoyo wanawaza minyororo peke yake. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa wa kikatili, hakuna wa kuupamba. Watu walivushwa kwa majahazi kwenda Zanzibar hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la pale na kukataza usafirishaji wa baharini, na hata baada ya hapo magendo yaliendelea. Lakini sehemu kubwa ya watu waliotembea njia ile ya bara walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Wanahistoria wanakadiria makumi ya maelfu yao walikuwa wakishuka pwani kwa mwaka mmoja, biashara ilipopamba moto. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na juu yake kuna mkeka wake, sufuria yake na silaha yake. Tabora mpaka Bagamoyo ilichukua kama miezi mitatu.

Walilipwa kwa vitambaa. Kitambaa kilichopendwa kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani. Na chakula cha njiani, ule mgao wa kila siku, uliitwa posho. Ndiyo hiyo hiyo posho inayopigiwa kelele bungeni leo. Mpagazi asipopewa posho yake alikuwa anagoma, anaweka mzigo chini, au anatoroka usiku na kumwacha tajiri na pembe zake porini. Kwa hiyo ukisikia watu wanadai haki kazini, usidhani ni mambo mapya yaliyoletwa na vyama.

Posho, hongo, merikani. Majina ya wapagazi yamepotea, ila maneno yao tunayasema kila siku bila kujua.

SAA TISA: MTAA WA INDIA NA MILANGO

Jua likianza kulegea, tembea Mtaa wa India. Usitembee katikati ya barabara tu, pita pembeni, angalia kuta. Nyumba nyingi za mawe ni za karne ya 19. Ukiona vyumba vyake ni vyembamba, sababu ipo: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauna urefu wa kuvuka sebule kubwa. Mti ndio uliopanga ukubwa wa chumba.

Mitaa hii ndiyo alipofanyia biashara Sewa Haji. Jina hilo kila mtu wa Dar analijua, ni jengo la wodi pale Muhimbili. Watu wanalitaja wakienda kumwona mgonjwa bila kujua ni mtu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya India, aliyetajirika kwa kuandalia misafara bidhaa na wapagazi, kisha akatoa sehemu ya mali yake kwa hospitali Dar es Salaam na shule Bagamoyo, iliyotaka watoto wa rangi zote wakae darasa moja. Alifariki 1897. Anastahili sifa yake, hakuna ubishi. Ila mali yenyewe ilitembea juu ya mabega ya watu kabla haijawa jengo.

Na milango? Fundi alikaa wiki nyingi na tindo, anachonga ua, anachonga wimbi, anachonga aya. Jina la mwenye nyumba lilibaki kwenye makaratasi. Fundi alilipwa akaondoka. Mtoto wa Kisarawe anayejua vinyago vya Kizaramo, mwana hiti na nguzo za makaburi, ataelewa haraka. Vipo kwenye makumbusho makubwa Ulaya, vimeandikwa "Zaramo, Tanzania". Aliyechonga hakuandikwa.

SAA KUMI: MAKABURI YENYE MAJINA NA YASIYO NA MAJINA

Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika pwani, watu waliasi. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano hapa na Pangani, Bwana Heri upande wa Saadani. Ujerumani ikamleta Wissmann na jeshi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Bagamoyo ikawa makao makuu ya mwanzo ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Boma lao la mwaka 1897 bado linaonekana.

Mwezi huo huo aliponyongwa Abushiri, hapa Bagamoyo kulikuwa na karamu ya kumpokea Emin Pasha kutoka bara na Stanley. Emin, ambaye macho yake hayakuona mbali, akatumbukia dirishani ghorofani na kuumia vibaya kichwani. Kisa hicho kiliandikwa magazetini Ulaya, na mpaka leo waongozaji wanakisimulia kwa kicheko. Ndiyo umbea wa mastaa wa wakati huo. Mtu kaanguka dirishani, dunia nzima inajua.

Sasa tembea mpaka makaburi ya Wajerumani karibu na bahari. Yako takribani 20, yamepangwa vizuri, yana majina na miaka. Karibu na hapo kuna alama ya mahali Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliowapinga. Kibao kinasema walikuwa mashujaa. Majina hakuna.

Hapo hakuna haja ya maelezo. Simama tu, angalia upande huu, angalia upande ule.

MAGHARIBI: BWAGA MOYO

Jioni kaa ufukweni, majahazi yanaegemea mchangani maji yakipwa. Ukiwa na bahati unaweza kusikia ngoma za wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza hapa 1981, wakifanya mazoezi.

Na hapo ndipo mabishano ya jina yanapata ladha. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo wako hapa, maana ukivuka bahari hurudi. Wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi: umefika, tua mzigo, bwaga moyo, pumzika. Watu wanagombana kana kwamba lazima mmoja ashinde. Kwani mji mmoja hauwezi kuwa na watu wawili wanaoitazama bahari ile ile, mmoja analia na mwingine anashusha pumzi? Waliokuwa wakiusema huo msemo hawakuandika kitabu. Tumebaki na neno lao tu.

Cha kuumiza ni kwamba hata hicho kidogo kinaondoka. Bagamoyo ipo kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO tangu 2006, pamoja na njia nzima ya misafara, lakini orodha haizuii mvua. Nyumba ya matumbawe ikikosa paa misimu michache, ukuta unalainika na kushuka. Mwingine anakarabati kwa saruji akidhani anasaidia, kumbe saruji inafungia unyevu ndani na ukuta wa chokaa unaoza taratibu. Mwingine anauza mlango. Kila ukuta unaoanguka unaondoka na alama za vidole vya fundi ambaye ndiyo kitu pekee alichotuachia.

Kwa hiyo ukienda, nenda taratibu. Beba kitambulisho chako, mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Mchukue muongozaji wa pale pale, mlipe vizuri, halafu muulize swali moja ambalo pengine hajazoea kuulizwa: "Na hawa wengine, waliitwa nani?" Huenda akakosa jibu. Huenda pia akakaa kimya kidogo, akakumbuka stori ya bibi yake, akakupeleka kwa mzee fulani nyuma ya msikiti.

Na ukirudi Kurui, usiishie kuposti mbuyu. Kaa na babu, muulize baba yake na babu yake waliitwa nani, walilima wapi, waliwahi kubeba nini kwenda pwani. Andika. Hata kwenye simu. Maana mastaa wasio na majina hawakuzaliwa hivyo. Kuna siku mtu mmoja nyumbani alikuwa bado analijua jina, na hakuna aliyemuuliza.

Haya wadau, wewe unayajua majina ya mababu zako mpaka wa ngapi?